Kundi limetushinda: admini afute, afunge, au aache watu wamwage yote?

Mzigo_Kikuubo (mwanzisha uzi)
Wakubwa, habari za jioni. Nina kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wanaopitisha mizigo mipakani Busia na Malaba mpaka Kikuubo, Kampala, wengine wanaendelea nayo Gulu na Arua. Tulilianzisha kwa mambo mawili tu: bei ya siku, na nani ana nafasi kwenye lori. Sasa tunakaribia kikomo cha watu 1,024 na kila usiku ni vurugu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mtu alibandika picha ya kitambulisho cha taifa cha mama mmoja wa vitunguu, mbele na nyuma, namba yake ya kitambulisho (NIN) yote inasomeka, na juu yake kaandika kwa rangi nyekundu MWIZI HUYU SAMBAZA. Anadai mama alichukua mzigo wa milioni 3 na hajalipa. Nikafuta. Hata chai haijapoa, tayari nimeitwa kila jina: admini kahongwa, admini ni shemeji yake, admini naye ana madeni. Mama mwenyewe wala simjui. Admini mwenzangu akachemka, akafunga kundi, tukabaki tunaandika sisi wawili. Usiku huo ulikuwa wa raha. Asubuhi yake kijana mmoja alikuwa Busia na nusu ya Fuso iko tupu, hana pa kutangazia, akaja Kampala hivyo hivyo anabeba hewa.

Kuna wanaosema kazi ya admini ni kuingiza watu, asiguse ujumbe wa mtu mzima. Wengine wanataka kila ujumbe upitie kwangu kwanza. Mimi nauza sukari na mafuta ya kupikia, uhariri siuwezi.

Nyie kwenu mnafanyaje? Na tafadhali, asinijibu mtu "weka kanuni". Kanuni zipo, zimebandikwa kwenye maelezo ya kundi, na hakuna anayefungua pale.

DerevaMalaba
Mkubwa, shida yako ni hesabu. Kikomo kilipokuwa watu 256 tulijuana wote. Ukimtukana mtu usiku, kesho mko naye kwenye foleni ya Malaba, mnagawana maji ya kunawa. Nani atatukana hapo? Walipopandisha hadi 512 ndipo tulipoanza kuona majina ya ajabu. Watu elfu moja hawawezi kuwa kundi, hilo ni soko la Owino siku ya Jumamosi. Gawa: Busia kivyake, Malaba kivyake, Mutukula kivyake, Elegu kivyake.

Fundi_wa_Simu
Marekebisho kidogo. 512 haikukaa hata mwaka. Ilikuja katikati ya 2022 na mwisho wa 2022 hiyo hiyo ikawa 1,024. Kwa hiyo majina ya ajabu usiilaumu 512 peke yake.

Shangazi_Arua
Kugawa sisi tulijaribu kwenye kundi letu la vitenge. Yaliyotokea: watu wale wale waliingia kwenye makundi yote manne, na fowadi ile ile ya "Yesu amenusurisha basi" ikawa inanifikia mara nne. Simu ya mtoto wangu ikajaa mpaka picha hazifunguki.

Kijana_wa_Steji
Shangazi 😂 mara nne na kila moja ina sauti ya dakika saba.

Wakili_Ntinda
Nianze na kitambulisho, maana hapo hapana mjadala. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. NIN na picha ya mtu ni data yake binafsi. Kuisambaza kwa watu elfu bila ridhaa yake, hata kama kweli unamdai, ni kujitafutia kesi. Ulifanya sawa kufuta, na ungefanya sawa zaidi kumwambia mdai aende mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo. Unapokea madai hadi shilingi milioni 10, unajaza fomu, mnasikilizwa haraka, wala hamhitaji wakili. Najinyima mkate kuwaambia hivyo.

Kuhusu admini kushtakiwa kwa maneno ya wanachama wake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilirekebishwa Oktoba 2022. Marekebisho yale yaliitaja WhatsApp kwa jina, pamoja na TikTok, Telegram na nyingine nyingi. Yalisema pia kwamba habari iliyokatazwa ikitoka kwenye akaunti ya taasisi, anayesimamia akaunti hiyo anawajibika yeye binafsi. Je, kundi la wauza vitunguu ni akaunti ya taasisi? Mimi nasema hapana. Lakini nisingependa kuwa mtu wa kwanza kumuuliza hakimu swali hilo nikiwa kizimbani.

Mpenda_Uhuru256
Haya ndiyo mambo yanayotisha watu. Ukimtukana mtu mtandaoni Uganda ni kifungu cha 25, wanakuweka ndani. Admini anafuta kwa woga, halafu anasema ni adabu.

Wakili_Ntinda
@Mpenda_Uhuru256 kifungu cha 25 cha sheria ya 2011, kile cha mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Majaji waliona hakieleweki mpaka kinaweza kumnasa yeyote. Usikitumie tena kumtisha mtu. Vilivyobaki vinatosha.

Mpenda_Uhuru256
Sawa wakili, cha 25 kimekufa. Woga haujafa. Hoja yangu iko pale pale: ambaye hapendi maneno atoke. Siku hizi mtu anatoka kimya kimya, wanaojua ni admini tu. Kwa nini mtu mmoja achague ninachosoma?

BintiBombo
Acha nijibu hapo pa "ambaye hapendi atoke", kwa sababu sisi ndio tuliotoka.

Nilikuwa kwenye kundi la biashara lenye akina mama wengi. Usiku ikaanza mizaha, ikawa picha, ikawa video. Hakuna aliyefuta, kila mtu analala na uhuru wake. Akawa anatoka mama mmoja, wiki ijayo mwingine, kimya kimya hivyo hivyo unavyosifu. Hakuna aliyeuliza. Mwisho wakabaki wanaume wanarushiana picha na kushangaa mbona bei za soko hazitumwi tena. Bei walikuwa wanatuma akina mama! Wao ndio walioko sokoni saa 11 alfajiri, wao ndio wanaojua kreti ya nyanya imefika ngapi.

Kwa hiyo ndugu yangu, kundi lisilofutwa nalo lina anayechagua. Anayechagua ni yule mwenye midomo mirefu na bando la usiku.

Shangazi_Arua
Binti, umesema.

Mwl_Mbale
BintiBombo kanikumbusha ebimeeza. Vijana hapa huenda hamkuzikuta. Miaka ya 2000 redio za Kampala zilikuwa zinafanya mijadala ya wazi, watu wamekaa baa au uwanjani, maikrofoni inazunguka, na matangazo yanakwenda moja kwa moja. CBS walikuwa na yao yenye jina la Kiswahili kabisa, Mambo Baado. Mle alikuwepo mwenyekiti. Jina lako liko kwenye orodha, unapewa dakika zako, ukizidisha unakatwa, ukimtusi mtu unakalishwa. Na watu walikubali! Wanasiasa wakubwa walikatwa pale kama mimi ninavyomkata mwanafunzi wa darasa la pili.

Nataka kusema nini. Waganda tunajua kusimamiwa tukizungumza. Tunachokataa ni kusimamiwa na mtu asiyeonekana. Mwenyekiti wa ekimeeza unamwona, amesimama mbele yako, akikuonea ukumbi mzima unapiga kelele. Admini anafuta akiwa kitandani.

Kisha serikali ikazipiga marufuku mwaka 2006 na hadithi ikaishia hapo.

Mzee_wa_Modemu
Mwalimu, ni Septemba 2009, si 2006. Ilikuwa wakati wa zile ghasia za Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga. CBS yenyewe ilizimwa, ikarudi hewani 2010.

Mwl_Mbale
2009, sawa. 2006 ni uchaguzi, nimechanganya. Ahsante mzee.

Fundi_wa_Simu
Halafu mwalimu, admini haonekani vipi? Tangu 2022 admini akifuta ujumbe wako, pale pale panabaki maandishi kwamba umefutwa na admini, na jina lake liko hapo. Ndiyo maana Mzigo alishambuliwa chap chap. Zamani hakuwa na uwezo huo kabisa, ilibidi ambembeleze mwenye ujumbe afute mwenyewe.

Ila msijidanganye kwamba kilichofutwa kimekwisha. Aliyepiga skrinishoti anayo. Na aliyefowadi, nakala yake haifuti mtu.

Mkasese_wa_Mpondwe
Hapo pa fowadi mimi nina la kusema, maana mpaka wetu ulitaabika.

Juni 2019, Ebola ilipopita kutoka Kongo ikaingia Kasese, makundi yalijaa "mpaka wa Mpondwe umefungwa, jeshi limejaa barabarani". Mpaka haukuwa umefungwa. Watu walipimwa joto, wananawa, wanapita. Lakini wenye samaki waligeuzia magari njiani kwa sababu ya ujumbe ule. Admini wa kundi letu aliufuta mapema sana, yule hakulala kazini. Ikasaidia nini? Ulikuwa umeshahamia kwenye makundi ya kanisa, ya shule, ya ukoo. Tena kufuta kwake kukawa ushahidi: "mnaona, wanaficha."

Kilichosaidia ni mwanamke mmoja muuza chumvi. Alirekodi sauti akiwa amesimama pale pale daraja la mpaka, unasikia watu wanapita, unasikia mtu anaita mteja, anasema "mimi niko hapa, geti liko wazi, njooni na ndoo zenu mnawe." Sekunde chache tu. Ile ndiyo iliyorudisha magari.

Tangu siku hiyo mimi siamini kufuta uongo. Uache, uujibu hapo hapo chini yake.

BintiBombo
@Mkasese_wa_Mpondwe kwa uvumi nakubali. Kwa kitambulisho cha yule mama, umjibu nini chini yake? "NIN hii si nzuri kusomwa"?

Mkasese_wa_Mpondwe
😅 Hapo dada umenipata. Kitambulisho kifutwe.

Kijana_wa_Steji
Nyie wote mnajadili kufuta, mnasahau mwenye kundi ni nani. Steji yetu ya boda ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tuliwapigia kura. Mwenyekiti akikutoza faini unalipa, kwa sababu wewe mwenyewe ulinyoosha mkono siku ile. Kundi letu la WhatsApp linakwenda hivyo hivyo. Ukituma matusi ni faini ya 5,000 kwa mobile money, na hela haiendi kwa admini, inaingia mfuko wa msiba. Ukikataa kulipa, hutolewi kwenye kundi, ila steji haikupangii abiria. Utalipa tu.

Sasa Mzigo, wewe nani alikuchagua?

Mzigo_Kikuubo
Nilichaguliwa na kuwa wa kwanza kubonyeza "kundi jipya" 😂

Lakini umegusa kitu. Nyie mna steji, mtu ana cha kupoteza. Mimi nina mtu yuko Elegu, mwingine Kisumu, mwingine sijui hata kama anauza kitu. Faini namtoza kwa lipi? Nikimtoa anarudi na laini nyingine.

Fundi_wa_Simu
Washa kibali cha kuingia. Tangu 2023 kuna sehemu kwenye mipangilio, mtu akibonyeza linki anasubiri admini amkubali. Na linki yenyewe uifute utengeneze mpya. Najua ile yako ya zamani imebandikwa kwenye nguzo za umeme Kisenyi.

Jirani_Busia_KE
Huku Kenya kabla ya uchaguzi wa 2017 walitoa miongozo ya ujumbe wa siasa, na maadmini wakaambiwa kabisa kuwa wao ndio wa kuangalia kinachotumwa kwenye makundi yao. Nawaambia, wiki ile maadmini walijiuzulu kama mawaziri. Kila kundi likawa na admini mmoja, mzee ambaye hajui kwamba yeye ni admini.

DerevaMalaba
😂😂 Huyo mzee yupo pia kwetu.

Mzee_wa_Modemu
Mnaona hili ni jambo la WhatsApp. Ni la zamani kuliko wengi mnaoandika hapa. Marekani, 1991, kampuni ya CompuServe ilishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine kwenye jukwaa lake. Mahakama ikasema hawakuwa wakisoma kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo ni kama wauza magazeti, waachiwe. Mwaka 1995 ikaja zamu ya Prodigy. Hawa walikuwa na kanuni, wana wasimamizi, wana programu ya kuchuja matusi. Mahakama nyingine ikasema basi nyie ni wahariri, mnawajibika. Oneni maajabu hayo: aliyefagia ua ndiye aliyeadhibiwa kwa takataka. Bunge lao likalazimika kuandika kifungu cha 230 mwaka 1996, ili anayesimamia kwa nia njema asigeuziwe kibao.

Sisi hatuna 230. Ndiyo maana namwambia Mzigo afikirie mara mbili hilo la kila ujumbe kupitia kwake. Ukishakubali kusoma vyote kabla havijatoka, kila kilichotoka umekipitisha wewe.

Wakili_Ntinda
Hoja nzuri, ila mzee usihamishe Marekani ukaileta mahakama ya Buganda Road nzima nzima. Karibu zaidi na hali yetu ni India, maana nao sheria zao zina mizizi ya Kiingereza kama zetu. Mahakama Kuu ya Bombay 2021 na ya Kerala 2022 zote zilisema admini wa WhatsApp habebi kosa la mwanachama kwa sababu tu ni admini. Uwezo wake ni kuongeza na kuondoa watu, hakuna zaidi. Haiwafungi majaji wetu, ila wakili mzuri ataisoma mbele yao.

Mzee_wa_Modemu
Wakili, angalia tarehe zako. Hukumu hizo zilikuja kabla admini hajapewa ule uwezo wa kufuta aliotuambia fundi. Sasa hivi anaweza zaidi ya kuongeza na kuondoa. Je, hakimu wa leo angesema vile vile?

Wakili_Ntinda
Hilo ndilo swali ninalotamani uje ulipwe wewe kulijibu.

Mpenda_Uhuru256
Sasa nyie wote mnasaidia hoja yangu! Asiyefuta yuko salama kuliko anayefuta.

BintiBombo
Yuko salama mahakamani. Sokoni amebaki peke yake na video zake.

Mtz_Mutukula
Nawasalimu kutoka upande wa pili. Sisi Tanzania tulipata kanuni za maudhui ya mtandaoni 2018, majukwaa na wanablogu wakatakiwa kusajiliwa na kulipia leseni. Wengine walizima taa wakaenda zao. Nataka tu kuwaambia, mkishindwa kujisimamia, kuna mtu mwingine anasubiri kwa hamu kuwasimamia, na yeye hafuti ujumbe mmoja mmoja.

DerevaMalaba
Hiyo si ya kutuambia sisi. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa siku moja kabla ya uchaguzi, mimi niko Tororo na lori la saruji, mteja hapatikani, mobile money haifanyi kazi, nakula mahindi ya kuchoma. Na Facebook iliyozimwa siku zile ndiyo hii tunaingia kwa VPN.

Kijana_wa_Steji
Na kabla ya hapo kodi ya mitandao ya kijamii, ile ya OTT, shilingi 100 kila siku ili upate kuona meme.

Shangazi_Arua
200, mwanangu. Kuanzia Julai 2018. Nilikuwa nailipa kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, siwezi kusahau. Wakaiondoa 2021 wakaweka asilimia 12 kwenye bando lenyewe, sasa hata hujui unapolipa.

Mwl_Mbale
Tunatoka njiani, ndugu zangu. Mzigo ameuliza kuhusu vitunguu.

Kijana_wa_Steji
Admini kaingia 😂

Muuza_Simsim_Lira
Mimi nitasema ambalo wote mnalizunguka. Ni hela. Kwenye makundi haya admini anapokea tangazo, anaambiwa "nitakutumia kitu, waache watu wangu wa kubeti waweke linki zao." Mimi nililipa niruhusiwe kutangaza simsim kwenye kundi moja kubwa, na mshindani wangu alikuwa anafutwa kila akiandika bei yake. Nilifurahi, sitasema uongo. Baadaye akalipa zaidi yangu. Mnaita usimamizi, mimi naona ni kodi ya meza sokoni.

Mzigo_Kikuubo
Hiyo mimi sipokei. Lakini najua wanachama wangu wanaamini napokea, na sina njia ya kuonyesha kwamba sipokei.

Mwl_Mbale
Ipo njia. Weka daftari wazi. Kila unachofuta, andika mstari mmoja jioni: nimefuta tatu, moja ina kitambulisho, mbili ni za kubeti. Usitaje majina. Atakayebisha abishe kwa hoja.

Fundi_wa_Simu
Mwalimu, hilo daftari lina jina linalonong'onwa kwenye makundi: "admini anajisifu".

Shangazi_Arua
Nami nina swali ambalo mmeliruka. Mnasema admini asome. Asome kwa lugha gani? Kundi letu bei inaandikwa Kiswahili, kwa sababu muuzaji wa Busia na mnunuzi wa Arua hawana nyingine ya kuelewana. Ugomvi unaandikwa Kilugbara. Maadmini wetu wawili ni wa Kampala. Siku moja mtu alitukana ukoo mzima wa mtu, kuanzia babu, na admini akamjibu kwa kidole gumba juu, akidhani anatangaza mihogo.

DerevaMalaba
😂😂😂 Nimesimamisha gari nicheke.

BintiBombo
Kwetu ni Kinubi. Na Muganda akiona Kinubi anadhani ni Kiswahili kilichoharibika, anaanza kukusahihisha katikati ya ugomvi.

Mwl_Mbale
Basi iwe kanuni, kundi zima Kiswahili tupu. Serikali yenyewe iliridhia Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunangoja nini?

Mpenda_Uhuru256
Mwalimu unataka kufuta watu kwa kosa la sarufi sasa. Haya, nani atabaki? Wewe na kamusi.

Mkasese_wa_Mpondwe
Ukisema Kiswahili tupu, umemfukuza mama wa Lukonzo anayeelewa bei lakini hawezi kubishana kwa Kiswahili. Atanyamaza, na huyo huyo ndiye mwenye mchele. Mimi ningesema kila lugha iliyomo iwe na admini wake.

Mzigo_Kikuubo
Makubwa haya. Nahesabu: Kiswahili, Luganda, Lusamia, Lugbara, Acholi, Kisomali kidogo. Maadmini sita wa kundi la vitunguu?

Kijana_wa_Steji
Na mweka hazina wa saba.

Fundi_wa_Simu
Kuna Telegram. Kundi linabeba hadi watu 200,000 na lina kitu cha kupunguza mwendo: mtu akituma ujumbe mmoja anasubiri muda uliouweka, hadi saa moja, ndipo atume wa pili. Humfuti mtu, humfungii mtu, unamchelewesha tu. Hasira ya saa 5 usiku haidumu saa nzima.

Muuza_Simsim_Lira
Na aliyekosea bei? Nimeandika 6,000 badala ya 6,500, nasubiri saa nzima kurekebisha huku simu zinaita?

Fundi_wa_Simu
Unahariri ule ule. Hausubiri kitu.

DerevaMalaba
Telegram wateja wangu hawana. Simu zao zina WhatsApp na tochi.

BintiBombo
Mimi nimechoka kusikia mipangilio. Kundi letu jipya tulilolianzisha baada ya kutoka kule lina maadmini watatu, wote akina mama, na jambo moja ambalo sijaona hapa: kabla ya kukufuta tunakupigia simu. Unapigiwa, unaambiwa "kaka, hii uliyotuma itoe mwenyewe." Tisa kati ya kumi wanatoa na kuomba radhi, kwa sababu mtu akisikia sauti ya mama mzima anarudiwa na akili. Anayebaki ndiye anayefutwa, na hakuna anayemtetea.

Mpenda_Uhuru256
Hiyo naweza kuishi nayo. Ila na watu elfu utampigia nani na nani? Salio la nani?

DerevaMalaba
Turudi nilikoanzia. Punguza watu.

Shangazi_Arua
Na mimi narudi nilikoanzia: utapata fowadi mara nne.

Wakili_Ntinda
Mzigo, lolote utakaloamua, mpate admini wa pili asiyefunga kundi akikasirika. Yule wako amekuingizia hasara ya nusu Fuso.

Mzigo_Kikuubo
Huyo ni mke wangu, wakili.

Wakili_Ntinda
Naondoa maneno yangu. Yasiingie kwenye kumbukumbu.

Kijana_wa_Steji
😂😂😂 Kesi imefungwa.

Mgeni_Gulu
Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Naomba kuuliza fundi. Aliyeanzisha kundi letu alihamia Juba, hajibu mtu, lakini bado ni admini na linki za kubeti zinatoka kwenye namba yake, nadhani ameibiwa laini. Sisi maadmini wengine tunamtoaje?

Fundi_wa_Simu
Kama yeye ndiye mwanzilishi, hamuwezi kumvua uadmini wala kumtoa mpaka atoke mwenyewe. Mnachoweza ni kufuta anachotuma, mmoja baada ya mwingine. Au fungueni kundi jipya mwahame.

Mgeni_Gulu
Tulihama. Kuna mtu alimwongeza.